Nusu kaputi na saratani: Je, aina ya dawa ya usingizi huamua kama ugonjwa utarudi?

Mgonjwa wa saratani anayesubiri upasuaji katika hospitali ya rufaa ya KCMC mjini Moshi huwa na hofu mbili. Ya kwanza ni kama ataamka baada ya nusu kaputi. Ya pili ni kama ugonjwa utarudi baada ya uvimbe kuondolewa. Kwa karibu miaka 20 sasa, watafiti katika nchi mbalimbali wamekuwa wakichunguza kama hofu hizo mbili zina uhusiano: je, dawa anayopewa mgonjwa ili alale inaweza kuchangia saratani kurudi miezi au miaka baadaye?

Swali hili si la maabara peke yake. Familia nyingi za Rombo, Marangu, Machame au Kibosho hugharamia matibabu ya saratani kwa kuchangishana, kuuza mifugo au kukopa kwenye vikundi. Habari kwamba kuna "dawa nzuri ya usingizi" na "dawa mbaya ya usingizi" inaweza kumfanya mgonjwa aahirishe upasuaji, au atafute hospitali ya mbali na ya gharama kubwa zaidi wakati ugonjwa unaendelea kukua.

Majibu ya tafiti kubwa sasa yapo, na kwa sehemu kubwa yanaondoa wasiwasi huo. Lakini tafiti nyingine zinaonyesha kwamba hatari inayomkabili mgonjwa wa Afrika iko mahali pengine kabisa.

Dawa zenyewe ni zipi?

Kinachoitwa nusu kaputi kwa Kiswahili cha mitaani ni usingizi kamili: mgonjwa hajitambui, hasikii maumivu, na mara nyingi anasaidiwa kupumua kwa mashine. Usingizi huo unaweza kuletwa kwa njia mbili kuu. Ya kwanza ni mvuke unaovutwa pamoja na oksijeni, kama vile halotheni, isoflureni na sevoflureni. Ya pili ni dawa inayopitia kwenye mshipa wa damu, kama propofoli au ketamini.

Njia nyingine ni ganzi. Mgonjwa anaweza kuchomwa sindano ya mgongo inayokufa ganzi kuanzia kiunoni kwenda chini, au sindano karibu na mishipa ya fahamu ya sehemu inayopasuliwa, kwa mfano ile inayohudumia kifua na titi. Mara nyingi ganzi hutumika pamoja na usingizi kamili, ili mgonjwa ahitaji kiasi kidogo cha dawa kali za maumivu za kundi la mofini.

Shaka ilianzia wapi?

Daktari anapokata uvimbe, baadhi ya seli za saratani zinaweza kuponyoka na kuingia kwenye damu. Wakati huohuo mwili, ukiwa umeshtushwa na jeraha, humwaga homoni za msongo kama adrenalini na kotiso, ambazo kwa muda hudhoofisha askari wa mwili wanaowinda seli ngeni. Saa na siku chache baada ya upasuaji zikaonekana kuwa kipindi ambacho seli zilizoponyoka zinaweza kupata mahali pa kujificha na kuota upya.

Katika maabara, dawa za mvuke zilionekana kudhoofisha zaidi kinga hiyo, na pia kuamsha ndani ya seli za saratani njia zinazozisaidia kuishi. Propofoli na dawa za ganzi zilionekana kuwa na upole zaidi, au hata kusaidia kinga.

Kisha zikaja takwimu za hospitali. Mwaka 2006 madaktari wa Ireland walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu za wanawake 129 waliopasuliwa saratani ya matiti. Baada ya miaka mitatu, asilimia 94 ya waliopewa ganzi ya mishipa ya kifua pamoja na usingizi hawakuwa wamerudiwa na ugonjwa, ikilinganishwa na asilimia 77 ya waliopewa usingizi na mofini. Mwaka 2016, hospitali ya saratani ya Royal Marsden ya London ilichapisha uchambuzi wa wagonjwa zaidi ya 7,000. Waliolazwa kwa mvuke walikuwa na hatari ya kufariki iliyozidi kwa karibu nusu ile ya waliolazwa kwa propofoli.

Takwimu hizo zilishtua wengi. Hata hivyo zilikuwa na udhaifu mmoja mkubwa: zilitazama nyuma. Daktari wa usingizi hachagui dawa kwa kurusha shilingi. Humtazama mgonjwa aliye mbele yake, umri wake, moyo wake, ukubwa wa upasuaji wake. Kwa hiyo kundi lililopewa mvuke linaweza kuwa lilikuwa na wagonjwa tofauti tangu mwanzo, hata baada ya watafiti kujaribu kusawazisha makundi kwa hesabu.

Majaribio makubwa yamejibu nini?

Njia ya kumaliza ubishi ni kuwagawa wagonjwa kwa bahati nasibu, kisha kuwafuatilia kwa miaka. Ndivyo ilivyofanyika.

Jaribio kubwa la kwanza lilichapishwa mwaka 2019 katika jarida la The Lancet. Lilihusisha wanawake zaidi ya 2,100 wenye saratani ya matiti katika hospitali 13 za Argentina, Austria, China, Ujerumani, Ireland, New Zealand, Singapore na Marekani. Nusu walipewa ganzi ya kifua na propofoli; nusu walipewa sevoflureni na dawa za kundi la mofini. Matokeo yalilingana karibu kabisa: saratani ilirudi kwa asilimia 10 ya wanawake wa kila kundi.

Jaribio jingine, la Sweden na China, lililinganisha propofoli na sevoflureni peke yake kwa wagonjwa wa saratani ya matiti. Baada ya miaka mitano, karibu asilimia 92 ya wagonjwa katika kila kundi walikuwa hai. Nchini China, jaribio la wazee zaidi ya 1,200 waliofanyiwa upasuaji mkubwa wa saratani nalo halikuonyesha tofauti ya maana ya urefu wa maisha kati ya dawa hizo mbili. Ganzi ya mgongo inayowekwa kwa mrija kwa wagonjwa wa saratani ya mapafu pia haikupunguza kurudi kwa ugonjwa.

Utafiti haujafungwa. Jaribio liitwalo VAPOR-C, linaloongozwa kutoka Melbourne nchini Australia, limepangwa kuhusisha wagonjwa zaidi ya 5,000 wa saratani ya mapafu na ya utumbo mpana. Lakini kwa saratani ya matiti, ambayo ndiyo iliyochunguzwa zaidi, jibu liko wazi: mgonjwa hana sababu ya kuahirisha upasuaji kwa sababu hospitali inatumia mvuke badala ya propofoli.

Vipi kuhusu Moshi?

Hapa ndipo mambo yanapotofautiana na vitabu. Katika orodha ya nchi zilizoshiriki majaribio hayo hakuna hata moja ya Afrika. Na dawa zilizolinganishwa, sevoflureni na propofoli, ni chaguo la hospitali yenye umeme wa uhakika, oksijeni ya kutosha, mashine za kisasa na pampu za kupimia dawa.

Mkoa wa Kilimanjaro una mtandao wa hospitali ambao mikoa mingi ingeutamani. Ukiacha KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, na Mawenzi, hospitali ya rufaa ya mkoa, zipo hospitali za misheni zilizotapakaa kwenye miteremko ya mlima: Machame, Kibosho, Kilema, Marangu, na Huruma kule Rombo. Lakini hospitali ya rufaa na hospitali ya wilaya hazina kabati moja la dawa. Katika hospitali ndogo za Afrika Mashariki, nguzo za kazi ni ketamini, halotheni na sindano ya mgongo.

Ketamini imedumu kwa sababu nzuri. Humlaza mgonjwa bila kumzuia kupumua mwenyewe, haishushi presha kwa urahisi, na haihitaji mashine kubwa. Umeme ukikatika katikati ya upasuaji, mgonjwa haamki. Halotheni ni ya bei nafuu, ingawa nchi tajiri ziliiacha kwa sababu inaweza kuvuruga mapigo ya moyo na, kwa nadra, kuharibu ini.

Kwa hiyo swali lililogharimu mamilioni ya dola, la mvuke dhidi ya mshipa, ni swali la mtu mwenye uwezo wa kuchagua. Kwa mgonjwa wa Rombo chaguo la kwanza huwa tofauti: ni kupasuliwa karibu na nyumbani au kuteremka Moshi mjini, ambako kuna madaktari bingwa na mahali pa kumwangalia akizidiwa.

Hatari kubwa iko baada ya upasuaji

Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulifuatilia wagonjwa zaidi ya 11,000 waliopasuliwa katika hospitali 247 za nchi 25 za Afrika. Wagonjwa hao walikuwa vijana kuliko wale wa nchi tajiri na hawakuwa na magonjwa mengi mengine. Hata hivyo asilimia 2.1 walifariki, kiwango ambacho ni mara mbili ya wastani wa dunia. Zaidi ya vifo 9 kati ya kila 10 vilitokea baada ya siku ya upasuaji, mgonjwa akiwa ameshatoka mikononi mwa mtaalamu wa usingizi na kurudi wodini.

Kwa saratani hasa, utafiti wa mwaka 2021 uliohusisha karibu wagonjwa 16,000 katika nchi 82 ulitazama upasuaji wa matiti, utumbo mpana na tumbo. Uligundua kwamba matatizo baada ya upasuaji, kama kuvuja damu, maambukizi au nimonia, hutokea katika nchi tajiri na maskini. Tofauti iko kwenye kinachofuata. Katika nchi za kipato cha chini, uwezekano wa mgonjwa kufariki baada ya kupata tatizo kubwa ulikuwa zaidi ya mara 6 ya ule wa nchi tajiri.

Maana yake ni kwamba mgonjwa hafi kwa sababu alipewa dawa fulani. Anakufa kwa sababu saa nane usiku pumzi ilianza kubana na hakukuwa na mtu wa kuiona, au aliyeiona hakuwa na oksijeni, damu au kitanda cha uangalizi maalumu cha kumpeleka.

Uhaba wa watu ni mkubwa. Utafiti ule wa 2018 ulikuta wastani wa madaktari bingwa wa upasuaji, uzazi na usingizi kwa pamoja ni 0.7 kwa kila watu 100,000. Tume ya kimataifa ya jarida la The Lancet ilikuwa imependekeza mwaka 2015 wasipungue 20. Nchini Tanzania, kazi kubwa ya kulaza wagonjwa hufanywa na wauguzi na matabibu waliosomea usingizi, na KCMC ni miongoni mwa vituo vinavyowafundisha. Mtaalamu mmoja wa namna hiyo katika hospitali ya wilaya anaweza kuwa ndiye huyohuyo anayehudumia upasuaji wa uzazi, ajali za bodaboda na uvimbe wa saratani, usiku na mchana.

Je, inatosha kuwaambia wauguzi wawe macho zaidi? Jaribio lililofanyika katika hospitali zaidi ya 300 za Afrika na kuchapishwa mwaka 2021 lilijaribu hivyo: wagonjwa walio hatarini walitambuliwa mapema na kuwekewa utaratibu wa kuangaliwa kwa karibu. Vifo havikupungua. Somo lake ni chungu kwa wapanga bajeti. Muuguzi mwenye wodi iliyojaa hawezi kuongeza macho kwa kupewa karatasi ya maelekezo.

Lakini yapo mambo rahisi yaliyothibitika, na moja lina mizizi Tanzania. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko ya Ifakara ilikuwa moja ya hospitali 8 duniani zilizojaribu orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, WHO. Orodha hiyo hulazimisha timu kusimama na kuuliza kwa sauti: mgonjwa ni nani, anapasuliwa nini, vifaa vya usingizi vimekaguliwa, kipimo cha oksijeni cha kidoleni kinafanya kazi, damu ipo? Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha vifo katika hospitali hizo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Hakuna dawa ya usingizi iliyowahi kuonyesha faida ya namna hiyo.

Uhusiano na saratani ni wa moja kwa moja. Mwanamke aliyeondolewa titi mara nyingi huhitaji kuanza tiba nyingine wiki chache baadaye. Jeraha likioza au akipata nimonia, tiba hiyo huchelewa. KCMC ilifungua kituo cha saratani mwishoni mwa mwaka 2016, hivyo tiba ya kemikali inapatikana mjini Moshi. Kwa miaka mingi kabla ya hapo, wagonjwa wa Kanda ya Kaskazini walisafiri zaidi ya kilomita 500 hadi Taasisi ya Saratani ya Ocean Road jijini Dar es Salaam. Ukaribu huo una faida tu iwapo mgonjwa ametoka salama kwenye upasuaji.

Ganzi ya bei nafuu iliyoleta tumaini

Kuna matokeo moja ambayo hospitali za Afrika Mashariki zina sababu ya kuyafuatilia kwa karibu kuliko hospitali za Ulaya. Yametoka India, kwa dawa ambayo karibu kila kituo cha afya Tanzania inayo: lidokeini, ganzi ileile inayotumika kung'oa jino au kushona jeraha.

Watafiti wakiongozwa na hospitali ya Tata Memorial ya Mumbai waliwagawa wanawake karibu 1,600 wenye saratani ya matiti katika makundi mawili. Kundi moja lilichomwa lidokeini kuzunguka uvimbe, dakika 7 hadi 10 kabla ya kukatwa. Kundi la pili halikuchomwa. Wote walipewa usingizi na matibabu mengine kama kawaida. Baada ya miaka mitano, asilimia 90.1 ya waliochomwa walikuwa hai, ikilinganishwa na asilimia 86.4 ya wale wengine. Kwa maneno mengine, karibu watu wanne zaidi katika kila wanawake 100 walikuwa hai, kwa sindano ambayo gharama yake ni ndogo mno ukiilinganisha na dozi moja ya tiba ya kemikali.

Tahadhari zinahitajika. Hilo ni jaribio la nchi moja. Kundi la pili halikuchomwa hata maji ya chumvi, kwa hiyo madaktari walijua nani amepata nini. Wagonjwa walikuwa na uvimbe uliogunduliwa ungali unaweza kukatwa moja kwa moja, bila kuanza na tiba ya kemikali. Na lidokeini ikizidi kipimo inaweza kusababisha degedege na kuvuruga moyo, hivyo si jambo la kujaribiwa kiholela. Lakini ni swali ambalo hospitali kama KCMC, Bugando na Muhimbili zinaweza kulijibu zenyewe kwa wagonjwa wao, bila kusubiri mashine ya mabilioni. Jibu hilo lingekuwa na manufaa zaidi hapa kuliko jaribio jingine la kulinganisha dawa mbili za bei ghali.

Kuchelewa huondoa chaguo

Faida ile ya India ilionekana kwa waliowahi. Tathmini ya huduma za saratani ya matiti nchini Tanzania iliyofanyika mwaka 2017 ilieleza kuwa takriban asilimia 80 ya wagonjwa hugunduliwa ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne. Kwa hatua ya nne, upasuaji mara nyingi hauwezi tena kuondoa ugonjwa, hata usingizi ungekuwa bora kiasi gani.

Hali ni ngumu zaidi kwa saratani ya umio, ambayo Kilimanjaro iko kwenye ukanda wake. Ukanda huo unaanzia Ethiopia na kupita Kenya na Tanzania hadi Malawi na kusini zaidi. Mwaka 2015 watafiti walipima joto la chai walilokuwa wakinywa watu 188 mkoani Kilimanjaro na kukuta wastani wa nyuzijoto 70.6 kwenye funda la kwanza. Mwaka uliofuata, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, lilitangaza kuwa vinywaji vya zaidi ya nyuzijoto 65 huenda vikasababisha saratani ya umio. Mgonjwa wa umio wengi hufika hospitali chakula kigumu hakipiti tena na mwili umekwisha nguvu. Kumlaza mtu wa hali hiyo kwa upasuaji wa kufungua kifua ni moja ya kazi ngumu za mtaalamu wa usingizi, na wengi huishia kuwekewa mrija wa kusaidia kumeza tu.

Mgonjwa aulize nini?

Badala ya kuuliza jina la dawa, mgonjwa na ndugu zake wanaweza kuuliza mambo yenye uzito zaidi. Nani atanilaza, na amesomea usingizi? Atakaa nami hadi mwisho wa upasuaji? Nani ataniangalia usiku wa kwanza, na oksijeni ipo? Je, ganzi inaweza kutumika kupunguza maumivu? Tiba inayofuata itaanza lini?

Mgonjwa naye ana wajibu wake: kusema ukweli kuhusu dawa anazotumia, zikiwemo za kienyeji, kama anavuta sigara, kama kuna ndugu aliyewahi kupata shida na nusu kaputi, na kufunga kula kama alivyoelekezwa.

Kwa serikali na wamiliki wa hospitali, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inafungua mlango wa watu wengi zaidi kufika chumba cha upasuaji. Kadi ya bima inaweza kulipia upasuaji, lakini haiwezi peke yake kumweka mtaalamu wa usingizi Rombo, wala muuguzi wa pili kwenye wodi ya usiku. Idadi ya wanaofundishwa kila mwaka, na wanaobaki kufanya kazi nje ya miji mikubwa, ndiyo itakayoonyesha kama mgonjwa wa saratani wa Kilimanjaro anaamka salama na kuishi kuendelea na matibabu.